Siku Papa Mukendi Alipomleta Mke Wake Bironi

Vijana wa biro, ofisi yetu hii ya vizazi na ndoa, mliniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani, na nimekubali kwa shingo upande. Msitegemee nitawaeleza nilivyopanda vyeo. Vyeo nilipewa na watu ambao leo nikikutana nao njiani navuka barabara. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na kazi moja iliyonishinda. Hiyo moja ndiyo inayonifanya niandike. Zile nyingine, maelfu ya vizazi na ndoa na vifo, zilikwenda vizuri tu na hazina hadithi.

Niliingia kazini mji wetu wa Lubumbashi ukiitwa bado Elisabethville, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimetoka shule ya mapadri, nimevaa viatu vya kaka yangu vilivyonibana hadi nikawa natembea kama bata. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alitoka kaskazini, upande wa Kongolo, akaletwa hapa kutengeneza njia ya gari moshi, akazeekea hapa hapa. Kumbukeni hilo la kaskazini, maana kuna wakati ulifika mtu akiulizwa baba yake alitoka wapi, jasho linamtoka.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye meza ya karani mkubwa wa ndoa na vizazi, Papa Mukendi. Alikuwa mtu wa Kasai, jimbo jirani, mwembamba, mwenye koti lililotiwa viraka vya ngozi kwenye viwiko. Hakunisalimia. Alichukua kalamu yangu, akaijaribu ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba, akakunja uso.

"Hii inakwaruza. Weye unataka kuandika bantu ao kubachora?"

Nikasema nataka kuwaandika. Akaitupa kwenye debe la takataka, akanipa ya kwake.

Mengi ninayojua nilijifunza kwenye meza ile. Muhuri mbichi haufutwi, unapulizwa. Rejista haiwekwi chini, kwa sababu panya wa biro zetu wana elimu, wanaanza na kurasa zenye gundi. Karatasi iliyo mbele ya mtu mwingine jifunze kuisoma juu chini, maana wakubwa hawapendi kukueleza mambo. Ukimwuliza mtu swali, funga mdomo na umpe nafasi. Mwenye ukweli anautafuta polepole, mwenye uongo anakuja nao tayari. Na kila fomu ilikuwa na kisanduku mwishoni kilichoandikwa "Maelezo ya karani". Makarani wengi walikiacha wazi au walipiga mstari. Papa Mukendi alikigonga kwa kidole.

"Hapa njo kazi yenyewe, mutoto. Ingine yote hata mashini inaweza kuandika. Hapa njo unasema kile uliona na macho yako."

Alikuwa mjane. Baadaye alimpata Mama Felisita, fundi wa nguo pale mtaa wa Kamalondo, mwanamke wa Kilamba ambaye mama yake alilima kijijini Kasungami. Walipokuja kuandikisha ndoa, Papa Mukendi alikataa kushika kalamu. Alisema karani hajiandikii ndoa yake mwenyewe, ni aibu. Basi aliniketisha mimi, naye akasimama upande wa pili wa meza kama raia yeyote, mikono nyuma. Ile ndoa niliandika mimi. Niliwaona, niliwasikia, mjomba wa mke aliweka kidole gumba chake mbele yangu. Mahari yalikuwa yameshakwenda Kasungami.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki. Kwa Walamba, na kwa wengi wetu hapa Katanga, mkwe mume na mama wa mke wake hawaonani uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawapeani mkono, hawaketi nyumba moja, jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa mume. Mambo hayo yanaendelea mpaka siku ambayo mama mkwe mwenyewe anapika vyakula vya kila namna, kuku, maharage, uyoga, viwavi vilivyokaushwa, bukari, yaani ugali, ya kutosha, na kumwita mkwe aje kula. Siku hiyo ndiyo anaingizwa. Tangu hapo wanasalimiana kama mtoto na mama. Kabla ya siku hiyo, bado. Hapa Lubumbashi tunaita jambo lote hilo buko, na mkwe mwenyewe pia tunamwita buko, na mtu aliyelelewa vizuri hachezi nalo.

Papa Mukendi, ingawa alikuwa mgeni, alilishika kuliko wenyeji. Nilimwona kwa macho yangu pale Kamalondo, karani mkubwa mwenye tai, akiruka mtaro na kujificha nyuma ya kibanda cha fundi viatu kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja na kikapu cha majani ya sombe kichwani. Nilicheka mpaka machozi. Alitoka na matope hadi magotini.

"Cheka, cheka," alisema. "Ukioa utaona."

Mama mkwe alisema atamwingiza mkwe wake baada ya mavuno. Kabla mavuno hayajafika, Katanga ikajitenga na Kongo, na jambo hilo likasimama.

Sitawaeleza siasa, wengine wataeleza, na watadanganya kama kawaida. Nitasema kilichofika bironi. Ilifika bendera mpya yenye misalaba midogo ya shaba. Ilifika mihuri mipya, wino wake ukiwa mbaya kuliko wa zamani. Kisha ikafika orodha ya makarani wa Kasai, kwamba wasirudi tena kazini. Papa Mukendi alisoma jina lake ubaoni, akaenda mezani, akafuta kalamu yake kwa kitambaa, akaiweka kwenye mfuko wa koti na kuondoka. Kesho yake niliketishwa kwenye kiti chake. Hiyo ndiyo ile promosheni mnayonipongeza nayo kila sikukuu ya wafanyakazi. Anayeitaka akae nayo mwenyewe.

Watu wa Kasai wakahesabiwa wageni, wakaanza kusukumwa, na sisi wenye baba wa kaskazini, ambako watu waliipinga Katanga hiyo mpya, tukatazamwa kwa jicho baya. Leo nyumba hii inavunjwa mlango, kesho ile. Maelfu yao walikwenda kuishi kambini nje ya mji, ndani ya vibanda vya magunia na mabati, wakilindwa na askari wa kofia za buluu, na kutoka kambini gari moshi liliwarudisha Kasai, hata wale waliozaliwa hapa na ambao Kasai waliijua kwa kusimuliwa. Kulikuwa na tundu moja tu dogo la kupenya. Aliyeoa au kuolewa na Mkatanga aliweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa. Masharti: aje mwenyewe, amlete mwenzi wake, na waje na shahidi wa ukoo wa mwenzi huyo. Akikubaliwa, anapewa karatasi na anabaki nyumbani kwake. Akikataliwa, ni kambini na gari moshi.

Mahojiano ya waombaji hao yaliwekwa kwetu. Shefu, mkubwa wa biro wakati huo, alikuwa mtu wa hapa hapa, kijana bado, msomi, shati jeupe kila siku. Alihoji yeye, na mimi niliandika hati ya mahojiano, tuliyoiita peve, na kuitia kwenye dosie, yaani jalada la mwombaji. Mume chumba hiki, mke chumba kile, maswali yale yale, kisha tunalinganisha majibu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni akili. Mtu mmoja alikataliwa kwa sababu alisema mke wake analala upande wa ukuta, mke akasema upande wa mlango. Kumbe walikuwa wamehama nyumba wiki ile. Mwanamke mwingine alishindwa kusema mume wake ana mashati mangapi. Mimi mwenyewe ukiniuliza mashati yangu sijui.

Jumapili moja baada ya misa, Papa Mukendi alinisubiri nje ya kanisa. Koti ni lile lile, lakini sasa lilimpwaya.

"Banatuita mu hii juma," alisema. "Felisita eko na mimba ya miezi sita. Kama banatutenganisha sasa, mutoto atazaliwa mi siko."

"Papa, nitafanya yote naweza."

"Hapana. Sikukuomba kitu. Fanya tu kazi vile nilikufundishaka."

Tukaagana. Nilikwenda nyumbani moyo mwepesi kabisa, nikijiambia kwamba kama kuna ndoa moja ya kweli katika mji huu ni ile niliyoiandika mimi. Ujinga wa kijana.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baridi ya asubuhi ile ya kwetu inayopasua midomo. Papa Mukendi na Mama Felisita walifika wa kwanza, wakaketi kwenye benchi la ukumbini, mke akiwa amefunika tumbo lake kwa kitenge. Nilitoka kuwaita nikaona wako wawili tu.

"Shahidi eko wapi, Mama?"

"Muyomba alikatala," alisema kwa sauti ndogo, akimaanisha mjomba wake, yule yule aliyeweka kidole siku ya ndoa. "Anasema hawezi kutia kidole yake juu ya muntu wa Kasai mu hii siku. Anaogopa. Lakini nilituma muntu mwingine. Usiogope, anakuya."

Sikuuliza ni nani, na ningeuliza ningeokoa kitu. Mama Felisita alikuwa amefikiri vizuri. Alijua mume na mke wanahojiwa vyumba mbalimbali, na shahidi anakaa upande wa mke. Kwa hiyo hakuona hatari. Asichokijua ni kwamba tangu jana yake chumba cha pili kilikuwa kimejazwa masanduku ya askari, na siku ile wote walipaswa kuingia mlango mmoja na kusubiri ukumbi mmoja.

Mlango wa nje ukafunguka. Akaingia mama mzima, miguu imejaa vumbi jekundu la njia ya Kasungami, kitambaa safi kichwani. Alikuwa ameondoka kabla ya jua. Alikuwa mama yake Felisita.

Papa Mukendi alimwona kabla yangu. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Benchi lilianguka. Alivuka ukumbi hatua tatu, akajibanza nyuma ya kabati la rejista, akageukia ukuta na kujifunika kichwa kwa koti. Mama naye alitoa sauti kidogo, "Yoo!", akavuta kitenge usoni, akarudi kinyumenyume mpaka nje, akachuchumaa kibarazani akiwa ametupa mgongo.

Hakuna aliyecheka. Wote walielewa. Mlinzi wa mlangoni, mwanamke aliyekuja kuandikisha kifo, mzee aliyeleta chai, wote waliinamisha macho kwa heshima, kama inavyotakiwa. Mimi nilisema moyoni: basi, mahojiano yamekwisha. Ushahidi gani tena unatakiwa? Mtu hamkimbii hivyo mama wa mwanamke ambaye si mke wake.

Shefu alitoka kwa sababu ya kelele ya benchi.

"Nini hii? Huyu muntu anakimbia nani?"

Mama Felisita alisimama. "Shefu, ni mama yangu. Ni buko. Bado kumuingiza."

"Mama yako? Na bwana yako anamukimbia?" Shefu alinitazama. "Andika. Muombaji alipoona shahidi, alikimbia."

Niliandika. Lilikuwa la kweli.

"Muite huyo mama aingie. Na weye, muzee, toka mule nyuma ya kabati. Musimame hapa mbele yangu. Mupeane mukono, na useme jina yake. Dakika moja, mambo inaisha, kila muntu anarudi kwake."

Kutoka nyuma ya kabati sauti ya Papa Mukendi ilikuja imetulia, sauti ile ile aliyotumia kunifundisha kupuliza muhuri.

"Shefu, nakuomba. Nitaingia mi peke. Kisha nitatoka kupitia dirisha, na yeye ataingia. Uliza kila mumoya wetu kile unataka. Jina yake nitaiandika ku karatasi, sitaitaja. Lakini kumuangalia, hapana."

"Hapa haiko mugini. Hapa iko biro ya serikali."

"Najua biro, Shefu. Nilitumika hapa miaka mingi."

Hilo halikumfurahisha. Aligonga meza kwa kiganja. "Kama haumuyue buko wako, sema haumuyue, tufunge dosie. Ndoa ya makaratasi tunaiyua. Hati yenyewe ilitoka mu hii biro, ku meza yako. Ulijiandikia!"

Hapo ndipo mahali pangu palipokuwa. Lile neno lilikuwa la uongo, na mtu mmoja tu ndani ya jengo lile alijua kwa hakika kwamba ni uongo, naye ameketi na kalamu mkononi. Ilikuwa sentensi moja tu: Shefu, ile ndoa niliandika mimi. Nilifungua mdomo. Shefu alikuwa ameshageuka kunitazama, kana kwamba amenisikia nikivuta pumzi.

"Na weye, karani, baba yako alitoka wapi kule? Kongolo, eh? Dosie yako na yeye iko ku meza yangu. Bado sijaifungua."

Nikafunga mdomo. Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kweli, ubawa wangu ninao mpaka leo.

Kisha mama akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisimama kutoka kibarazani, akasogea mpaka mlangoni, bado amejifunika uso.

"Mutoto," alimwambia mkwe wake, ambaye hakuwahi kusema naye hata neno moja kabla ya siku ile. "Geuka. Mi mwenyewe nakuambia. Geuka, uniangalie, batupatie hiyo karatasi. Aibu ni yangu, nitaibeba."

Mama Felisita alianza kulia. Mimi nilikuwa naomba ndani ya tumbo langu: geuka, Papa, geuka tu mara moja, Mungu atakusamehe. Yeye alibaki na kichwa ndani ya koti.

"Mama," alisema mwishoni, akiuambia ukuta. "Siku utanipikia, nitakuangalia. Leo kama nakuangalia juu ya kupata karatasi, njo nitakuwa nilioa karatasi."

Shefu aliguna. Nataka mjue jambo moja kuhusu yule Shefu, nalo ndilo linalonichoma kuliko yote. Alijua. Hakuwa mtoto wa mjini asiyejua mila. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa pili upande wa jikoni, na kila mtu pale mtaani alijua ni kwa nini: mama mkwe wake akija kuwaona wajukuu, Shefu anatoka kwa ule mlango. Alijua, nilijua, mlinzi alijua. Ukumbi mzima ulijua kwamba yule mtu nyuma ya kabati alikuwa mume kuliko waume wote waliopita pale na karatasi zao.

Akaniamuru niandike, naye akatamka, polepole, kwa Kifaransa cha shule. Mwombaji alimkimbia shahidi. Mwombaji alikataa kumsalimia. Mwombaji hakutaja jina la mama wa mke, ingawa aliombwa. Niliandika. Vijana, msiwaogope sana wanaoandika uongo, uongo unakamatwa. Kila neno la peve ile lilikuwa la kweli. Ningeweza kuapa juu yake kanisani.

Tulipofika kwenye kisanduku cha mwisho, Shefu alisimama kuwasha sigara yake dirishani. Aliniachia nafasi, labda kwa makusudi, labda hapana. Nilihitaji maneno matatu tu: ni buko, nashuhudia. Wino ulikauka kwenye ncha ya kalamu. Nikapiga mstari.

Mama alipokwisha kurudi kibarazani, Papa Mukendi alitoka nyuma ya kabati kuja kutia sahihi. Hakuhitaji kugeuziwa karatasi. Aliisoma juu chini, upesi, kama alivyonifundisha. Jicho lake lilishuka mpaka chini ya ukurasa, likasimama pale. Hakunilaumu. Akatoa kalamu yake mfukoni, akatia sahihi, akangojea wino ukauke.

"Umesahau tarehe," aliniambia.

Nikaandika tarehe.

Jibu lilitoka kabla juma halijaisha: amekataliwa, na ndoa yake iwekewe alama ya shaka katika rejista. Mstari mwekundu juu ya ndoa ile niliuchora mimi pia, kwa rula. Siku mbili baadaye walikuja kumtoa nyumbani Kamalondo akapelekwa kambini. Mama Felisita alitaka kumfuata, ukoo wake ukamshika, na yeye Papa Mukendi alimwambia abaki mpaka ajifungue, kambini watoto walikuwa wanakufa.

Haya yanayofuata sikuyaona, nilisimuliwa na mlinzi wetu wa mlangoni, ambaye dada yake alikuwa ndani ya kambi ile. Siku tatu kabla ya gari moshi, mama wa Kasungami alifika kambini na wanawake wanne wenye masufuria kichwani. Askari wa kofia za buluu walitaka kufungua kila sufuria. Ndani kulikuwa na kuku mzima, maharage, uyoga, viwavi, bukari. Wakamwambia chakula cha wakimbizi kinagawiwa kule kwenye mstari. Akawajibu kwamba hakuleta chakula cha wakimbizi, amekuja kumwingiza mkwe wake. Sijui kama walielewa, lakini walimwachia. Wakatandika mkeka katikati ya vibanda vya magunia, watu wa Kasai wakazunguka kuangalia, na Papa Mukendi akaletwa na wazee, akaketi, akala kidogo katika kila sufuria. Kisha mama akafunua uso wake. Wakaangaliana. Wakapeana mkono. Mlinzi alisema hata dada yake, ambaye siku zile machozi yalikuwa yamemwishia, alilia.

Papa Mukendi alipanda gari moshi. Miezi ilipita, ikaja barua ya katekista mmoja kutoka Kasai: ameugua tumbo, amefariki, amezikwa kikristo. Mtoto wa kike alikuwa ameshazaliwa Kasungami.

Katanga ile ya kujitenga ikaisha. Misalaba ya shaba ikashuka mlingotini, mihuri ikabadilishwa tena, na yule Shefu akapata kiti kikubwa zaidi katika mji mwingine. Mimi nilibaki kwenye kiti changu. Makarani tuliotumikia bendera ile tulikuwa tunachunguzwa mmoja mmoja, na kila asubuhi nilikuja kazini nikijiuliza kama ni zamu yangu.

Mtoto alipokaribia kuanza shule, Mama Felisita alikuja naye bironi. Masista walitaka hati ya kuzaliwa, naye alitaka iandikwe kwa jina la baba yake. Alikuwa amekonda. Aliponiona alinisalimia vizuri, "Jambo, Papa," kama anavyosalimiwa karani yeyote aliye mezani.

Shefu mpya alikuwa mtu mnyoofu, asiye na haraka. Alifungua rejista ya ndoa akaona mstari mwekundu. Akaitisha dosie, akaisoma peve yote mpaka chini, akakuna kidevu.

"Hii ndoa banaitia shaka, lakini hakuna muntu alieleza juu ya nini," alisema. "Kule kwetu na sisi tunakimbia buko. Mi naona iko vile tu. Lakini siwezi kufuta kwa kuona tu. Karani mwenye kuandika hii, kama angali hai, aseme mbele yangu kile aliona, ntaufuta huu mustari sasa hivi, mutoto apate jina ya baba yake." Akanisogezea karatasi. "Weye njo wa zamani hapa. Hii mwandiko ni ya nani?"

Peve haikuwa na jina la karani. Ilikuwa na sahihi mbili tu, ya Shefu wa zamani na ya marehemu. Mama Felisita, aliyeniona nikiiandika, alikuwa ameketi mbele yangu, mtoto katikati ya magoti yake. Alinitazama tu na kungojea, na alinipa nafasi ndefu kabisa.

"Siitambui, Shefu," nilisema. "Makarani walikuwa wengi."

Shefu akafunga dosie. Akasema basi, mtoto aandikwe kwa jina la mama, baba hajulikani, akanipa fomu niijaze hapo hapo mbele yake. Peve ilikuwa bado iko mezani. Nikachovya kalamu, na kwa hofu kwamba atalinganisha, nikaandika herufi kubwa moja moja, zilizopinda, kama mtu aliyeanza kuandika jana. Nilipiga muhuri, nikaupuliza, nikampa Mama Felisita karatasi yake.

Alikuwa amesoma kwa masista, alijua kusoma. Aliiangalia hati ile kwa muda, jina la mtoto, mahali pa baba palipopigwa mstari, zile herufi.

"Papa," aliniambia, "bwana yangu alikufundishaka kuandika muzuri kupita hii."

Akaikunja, akaitia kifuani, akamshika mtoto wake mkono, wakatoka.